Somo Lililobeba Jina la Mwalimu Maganga

Kila jioni Noela alifagia uwanja, akachota maji bombani na kubandika chai kabla mama yake hajarudi. Mama yake, Mwalimu Bhoke, alifundisha shule ileile ya Ibadakuli ambako Noela alisoma darasa la saba. Muhula huo alirudi amechoka kuliko kawaida.

Mwalimu mkuu alimpa kazi ya kuwafundisha wenzake programu mpya ya kutengenezea masomo kwenye vishikwambi. Wenzake walimkwepa. Mmoja alisema ana madaftari ya kusahihisha, mwingine akasema hayo ni mambo ya vijana. Mgumu kuliko wote alikuwa Mwalimu Maganga wa sayansi, aliyefundisha miaka thelathini na mmoja. Kila alipoitwa, alikilaza kishikwambi kifudifudi mezani akaenda zake darasani.

"Maganga akikubali, wote watafuata," mama alisema siku moja, chai ikimpoea mbele yake.

Maneno hayo yalimkaa Noela moyoni. Jumamosi, mama alipokwenda mazoezi ya kwaya, Noela alichukua kishikwambi chake na daftari alimoandika maneno ya siri ya walimu, akaingia kwenye programu kwa jina la Mwalimu Maganga. Akatengeneza somo kuhusu ua la pamba, lenye picha na maswali matano. Hakumwambia mtu.

Jumatatu mama aliliona somo hilo akafurahi mno, hata hakumuuliza Maganga lolote. Alikwenda moja kwa moja kumpa mwalimu mkuu taarifa kwamba Maganga amekubali.

Siku tatu baadaye alikuja mkaguzi. Mwalimu mkuu alimleta darasa la saba katika kipindi cha Mwalimu Maganga, akalifungua somo lile mbele ya wanafunzi. Mkaguzi alisoma kwa sauti, kisha akasita.

"Mwalimu, umeandika kwamba chavua hutengenezwa kwenye ovari?"

Darasa likacheka, kwa kuwa wengi walijua chavua hutoka kwenye sehemu ya kiume ya ua, si kwenye ovari.

"Somo hili si langu," Mwalimu Maganga alisema polepole.

Mwalimu mkuu akamwambia, watoto wakisikia, kwamba afadhali mtu akosee kuliko kukana kazi yake. Mzee alijipangusa chaki mikononi, akatoka. Noela aliinamia dawati lake.

Jioni alimweleza mama yake kila kitu. Mama hakumkaripia. Asubuhi alimpeleka ofisi ya walimu, akasimama naye mbele ya wote.

"Shikamoo, Mwalimu," Noela alisema. "Ni mimi niliyeandika lile somo. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Mwalimu Maganga aliweka kalamu chini. "Nimewafundisha tangu darasa la tatu. Mliamini vipi kwamba sijui chavua inatoka wapi?"

Mama naye aliomba radhi, kisha akamuuliza mzee, kwa mara ya kwanza, ni nini hasa kilichomzuia. Alijibu kwamba macho yake hayazioni vizuri herufi zile ndogo, na kwamba aliogopa kuchekwa na watoto.

"Na sasa wamecheka," alisema.

Siku hiyohiyo mwalimu mkuu alirudi darasani kumwomba Mwalimu Maganga radhi mbele ya wanafunzi. Tangu hapo, baada ya vipindi, mama alikaa na mwalimu mmoja mmoja, akikuza herufi na kuanza na somo ambalo mwenyewe analipenda. Maganga alikuja wa mwisho. Baada ya mwezi mmoja, somo lake la ua la pamba lilikuwa tayari, kwa michoro ya mkono wake, bila kosa hata moja.

Lakini darasani hakumwita tena Noela kujibu swali, hata aliponyoosha mkono. Noela alimlilia mama yake kwamba nia yake ilikuwa kusaidia tu.

"Najua," mama alisema. "Lakini ulichukua jina la mtu bila ruhusa yake, nami nikafurahi bila kuuliza. Programu wamejifunza wote. Imani ya Mwalimu Maganga bado hatujaipata, na hiyo hakuna wa kuitengeneza kwa niaba yake. Kuwa mkweli kila siku, mwanangu, hata kama hakuangalii."