Kidole cha Mama Mbelu

Asubuhi hiyo Stany aliingia ofisini na shati jeupe. Katika Kolwezi ya mwezi wa tisa, vumbi jekundu likiwa limelala juu ya kila kitu mpaka ndani ya kopo la sukari, mtu anayevaa shati jeupe anataka ujue kwamba hakuja kwa miguu. Alikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni moja ya malori, yale yanayobeba shaba kwenda mpakani. Alizaliwa Lubumbashi, na hakuna siku aliyoacha kuwakumbusha wenzake jambo hilo. Watu wa Kolwezi aliwaona washamba. Wa Mutshatsha na Sandoa hakuwahesabu kabisa.

Siku hiyo ilikuwa yake. Alikuwa anasimika kwa mara ya pili programu ya pamoja, ambayo kila mtu wa ofisi angeandika humo safari za malori na mwenzake azione papo hapo. Aliwaeleza kwa sauti ya mwalimu wa chekechea kwamba data zote zinakaa ndani ya kompyuta moja kubwa pale pembeni, na kila meza ina dirisha lake la kuzifikia. Kama bukari, yaani ugali, alisema, sahani ni moja lakini mikono ni mingi. Alidhani hawakuelewa. Walielewa vizuri sana, ila hakuna aliyekuwa na hamu ya kumsikiliza.

Mkurugenzi, tata Godefroid, alikuwa ameshamwambia mambo mawili. Programu ikisimama imara safari hii, Stany atakuwa mkuu wa huduma, na chumba chake chenye kiyoyozi. Ikianguka tena, atafute kazi kwingine. Maana ile ya kwanza ilianguka vibaya, data zote zikaharibika, na aliyebebeshwa mzigo huo alikuwa mama Mbelu.

Mama Mbelu alitunza mafaili ya ofisi ile tangu enzi za makaratasi. Walipomletea kompyuta hakulalamika. Aliandika kwa kidole kimoja, cha shahada, polepole, akiitafuta kila herufi: to, halafu kimya, halafu to. Stany alimwita kuku mbele ya wageni. "Muone kuku anadonoa," alikuwa akisema, na wageni walicheka kwa sababu wageni hucheka.

Siku data zilipoharibika, Stany alimwambia mkurugenzi kwamba mama huyo alichomoa waya wa kompyuta kubwa wakati watu wanaandika. Uongo mtupu. Waya aliuchomoa Stany mwenyewe, apate pa kuchajia simu yake. Kwa simu! Na tata Godefroid, mtu mzima mwenye tai, hakuuliza swali hata moja. Alichukua kalamu, akasaini barua ya kumfukuza, akasema, "Mama, wende upumuzike."

Mama Mbelu alisimama mlangoni na mkoba wake. Hakulia. Alimtazama Stany tu.

"Mi sikugusa kitu," alisema. "Utabisema weye mwenyewe."

Akarudi kwa dada yake huko Mutshatsha na aibu isiyo yake, na baridi haijaisha akafa. Ofisi ilituma shada la maua ya plastiki. Stany hakuchangia.

Basi tuirudie asubuhi yetu. Falonne, karani wa meza ya karibu na dirisha, ndiye aliyejaribu kwanza, na programu ikafunguka. Kisimba, anayepanga madereva, akajaribu, ikafunguka. Stany alijipigapiga kifua, akafungua kidirisha cha fundi, kile kinachoonyesha majina ya watu walio ndani kwa wakati huo. Falonne. Kisimba. Stany. Mbelu.

Alicheka. Alijiambia ni mabaki ya programu ya zamani, akalifuta jina. Likarudi. Akalifuta tena na kubadilisha maneno yote ya siri, mot de passe kama alivyozoea kuyaita. Likarudi, safari hii likiwa na mahali linapotoka: kompyuta ya meza ya nne. Meza ya nne ilikuwa ya mama Mbelu. Kompyuta yake Stany aliifungua kwa mkono wake mwenyewe, akatoa diski, akaitupa stoo.

Alikwenda kuitazama. Ilikuwa chini, kati ya matairi mabovu, bila waya wowote. Kibodi yake ilikuwa juu yake, imefunikwa na vumbi kote. Stany aliweka kiganja juu ya kasha la kompyuta. Lilikuwa la moto. Ni jua, alijiambia, akafunga mlango haraka. Stoo ile haina dirisha.

Aliporudi alikuta ofisi imenyamaza. Falonne alikuwa ameweka mikono mapajani. Kisimba pia. Lakini mtu alikuwa anaandika.

To.

Kimya.

To.

Kwenye skrini ya Stany, katika nafasi ya maoni, herufi zilikuwa zinajitokeza moja moja. Hakuna aliyegusa kitu. M. I. Alizifuta. Zikaanza upya, bila haraka, kwa mwendo uleule. Aliziacha mpaka mwisho. MI SIKUGUSA.

Falonne alisogeza kiti karibu naye. Siku ile ya waya aliiona simu ya Stany imechomekwa pale ukutani, akanyamaza kwa kuogopa kazi yake, na unyamavu huo ulikuwa unamkereketa tangu msiba.

"Stany, sema tu," alinong'ona. "Mama anangoya ubiseme."

Stany alikuwa na jasho shingoni, na shati jeupe limeanza kumgandia. Hata hivyo alimtazama kwa dharau ileile ya kila siku.

"Mufu hana na mot de passe," alisema.

Tata Godefroid aliingia na wakuu wa idara, wakaketi mbele ya projekta. Alitaka, kabla ya yote, Stany awaeleze wazi kilichoharibu ile ya kwanza, isije ikajirudia. Mlio ukakoma. Kidole, popote kilipokuwa, kilisubiri. Stany alikuwa na nafasi ya kusema. Alipewa, mchana kweupe, mbele ya watu.

"Ni mama Mbelu," alisema. "Njo alichomoa waya."

Jina la Mbelu likatoka kwenye kidirisha. Hivi hivi tu. Stany aliliona likitoka, akavuta pumzi, na mjinga yule akatabasamu. Alidhani ameshinda.

Mkurugenzi akamwomba aandike safari moja ya mfano. Stany aliketi, akanyoosha mikono juu ya kibodi. Vidole vya mkono wa kulia vikajikunja. Kimoja baada ya kingine. Kikabaki cha shahada.

To.

Alivuta mkono. Haukuja.

To. To.

Aliushika kwa mkono wa kushoto, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka kiti kikalia. Kidole kiliendelea. Kilitafuta herufi polepole, kama kinaona kibodi kwa mara ya kwanza. Ukutani, kwa maandishi makubwa, wakuu wote wa idara walisoma.

NI MI STANY NILICHOMOA WAYA.

Alijaribu kusema si yeye. Kinywa kilifunguka, sauti haikutoka. Tata Godefroid alisoma mara mbili, akachomoa kalamu mfukoni. "Wende upumuzike," alisema. Maneno yaleyale, hata hakujisumbua kutafuta mengine.

Stany alirudi Lubumbashi. Wanaomwona wanasema vidole vinne havijakunjuka, na pale anapoketi kidole cha shahada kinagonga meza, hata akila.

Falonne ndiye aliyekwenda stoo. Kompyuta ilikuwa imepoa. Vumbi la kibodi lilikuwa zima juu ya herufi zote, isipokuwa zile zilizohitajika kwa MI SIKUGUSA. Hizo ziling'aa.

Alimwendea mkurugenzi, akamwomba amtume mtu Mutshatsha, dada wa marehemu aambiwe kwamba mama Mbelu hakukosa. Tata Godefroid alisema hana muda wa hadithi za msiba uliopita, na karatasi zinamngoja. Falonne alisimama akimtazama akizisaini. Alikuwa anasaini kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Wa kulia alikuwa ameuficha chini ya meza, na kutoka huko chini Falonne alisikia kitu kinagonga.