Mkwaruzo wa Tamsin

Kila asubuhi ya likizo, Tamsin aliosha chupa za maziwa nyumbani kwa bibi yake, Coral, kisha wakashuka pamoja hadi kijitoni, kwenye miti walimolala popo. Bibi Coral aliongoza kikundi cha wakazi wa mji mdogo wa Warrabin waliojitolea kuwalinda popo hao wakubwa. Kazi ya Tamsin ilikuwa kujaza maji mabomba ya mkono ya kuwanyunyizia popo siku za joto kali. Kumgusa popo alikatazwa kabisa, kwa sababu hakuwa amechanjwa dhidi ya ugonjwa wao.

"Mnahangaika na vitu vinavyonuka hivi," Declan, mtoto wa jirani, alimtania. "Si muwafukuze tu?"

"Wakiondoka, chavua ya mikaratusi utaibeba wewe usiku kucha?" Bibi Coral akamuuliza. "Haya, shika ndoo."

Declan alicheka, lakini ndoo aliishika.

Siku hiyo joto lilikuwa la kutisha. Kufikia adhuhuri upepo ulichoma uso kama moshi wa tanuri. Popo waliteremka kwenye mashina wakirundikana, midomo wazi, wakihema. Kisha wakaanza kuanguka. Watu wazima walikimbia na mabomba yao mti hadi mti, lakini walikuwa wachache, na kila walipogeuka, nyuma yao kulikuwa na wengine chini.

Tamsin alimwona mtoto wa popo aking'ang'ania kifua cha mama yake aliyekwisha kufa. Alimwita bibi yake. Akaita tena. Hakuna aliyesikia.

"Muache, Tamsin," Declan alisema. "Tumekatazwa."

"Atakufa."

Alimfunika kwa taulo na kumbandua taratibu. Ukucha mmoja ukapenya, ukamkwaruza kifundo cha mkono. Damu ilikuwa kidogo tu. Alishusha mkono wa shati, akamtia mtoto yule kwenye kikapu cha popo waliookolewa.

"Nani amemtoa?" Bibi Coral aliuliza baadaye.

"Nimemkuta humo, Bibi."

Declan aliinamia ndoo yake.

Jioni walikusanya mizoga kwenye magunia. Watu wazima walilia bila kujificha. Karibu kundi zima lilikuwa limekwisha.

Asubuhi, mtoto wa popo alinyonya chupa hadi ikaisha. "Angalau huyu," Bibi Coral alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

Tamsin alitamani kukimbia. Alijua utaratibu, maana bibi mwenyewe ndiye aliyewafundisha: popo akimkwaruza mtu asiyechanjwa, lazima auawe ili ubongo wake upimwe. Popo wengine wana ugonjwa ulio ndugu wa kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Akisema, mtoto huyu anakufa. Asiposema, huenda akafa yeye.

"Bibi," alisema, akipandisha mkono wa shati. "Nilidanganya. Nilimshika mimi."

Bibi Coral hakugomba. Aliiweka chupa mezani, akamvuta Tamsin hadi bombani na kuosha mkwaruzo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu. Kisha walikwenda hospitali, Tamsin akaanza kuchomwa sindano. Daktari wa mifugo alikuja kumchukua mtoto wa popo.

Majibu yalipofika, Bibi Coral aliketi kando ya mjukuu wake. "Hakuwa na ugonjwa," alisema.

Tamsin alijiinamia. "Kwa hiyo nimemuua bure."

"Sitakudanganya, mjukuu wangu. Ungenifuata niliko, nikamtoa mimi niliyechanjwa, labda angekuwa hai. Katazo lile lilikuwa la kukulinda wewe na yeye pia. Huruma pekee haitoshi katika kazi hii. Inataka na utii."

Tamsin alilia mpaka akaishiwa machozi. Bibi alimwacha alie.

"Ila sikiliza," akasema mwishowe. "Ulijua ukisema utampoteza, na ukasema. Angekuwa mgonjwa, ukimya wako ungenifanya nikuzike. Kosa likishatokea, sema siku hiyo hiyo, hata kama ukweli unakunyang'anya unachokipenda."

"Na popo waliobaki?"

"Waliobaki ni wachache sana. Sijui kama watarudi kuwa kundi." Bibi Coral aliinuka kwa shida. "Wiki ijayo joto linarudi. Mwambie Declan tunamhitaji."