Saa ya Mezani ya Fundi Asmani

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 11 Mei 1972, asubuhi, Zuwena alipokuwa anafuta vumbi kwenye meza ya baba yake. Saa ya mezani ilisimama. Aliitikisa, ikapiga mara tatu, ikanyamaza tena.

Zuwena alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule ilikuwa imefungwa tangu vita viingie Rumonge mwishoni mwa Aprili, na mama yake alifariki mwaka uliotangulia, dispensari ilipokosa dawa na mkuu wa dispensari akiwa safarini. Basi nyumba yote ilikuwa juu yake: kufagia, kupika, kuanika dagaa. Kitu kimoja tu alikatazwa. "Saa usiiguse," baba yake, Fundi Asmani, alikuwa akimwambia. "Ikikataa, niite."

Hakumwita. Alikuwa ameona cherehani ya baba yake ikitiwa mafuta inapokuwa nzito, naye jikoni alikuwa na mafuta gani, kama si mawese? Alifungua mgongo wa saa, akachovya unyoya wa kuku katika chupa, akadondosha matone mawili kwenye magurudumu. Saa ikatembea. Zuwena akafunga, akafuta vidole kwenye kanga, akanyamaza.

Siku hizo saa haikuwa pambo. Wakubwa walikuwa wametangaza kuvrefe: ikifika saa kumi na mbili za jioni, mtu asionekane barabarani. Wakaweka askari kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, njia ya Gatete. Wao walikuwa na redio ya kuwatangazia saa. Redio ya Asmani ilikuwa imekufa, mawe yake ya betri yameisha na maduka yamefungwa. Kwa hiyo mtaa mzima ulipita dirishani kwa fundi kuuliza saa.

Aliyepita kila siku ni Modeste, mchuuzi wa mawese kutoka Gatete, na baiskeli yake yenye madumu mawili.

"Amahoro, Zuwena! Nipe saa."

"Bado mapema, baba Modeste."

"Murakoze. Nikichelewa, nitawaambia askari wakukamate wewe!" Akacheka, akakanyaga pedali.

Zuwena naye alicheka. Lakini usiku na mchana alikuwa anasikia mlio wa saa umekuwa mzito, kama mtu anayetembea kwenye tope. Siku ya pili alitaka kusema. Siku ya tatu pia. Kila jioni baba yake alitega sikio, Mzee Abasi akaadhini magharibi msikitini ng'ambo ya njia, na fundi akatazama mishale. "Saa na adhana zimepatana," alisema. Zuwena akapumua. Kama zimepatana, aseme nini?

Mawingu yalikaa juu ya ziwa siku zote hizo, jua halikuonekana hata kidogo.

Jumatatu Modeste alisimama dirishani. Zuwena akatazama. "Kumi na moja kasoro dakika kumi."

"Basi nina nafasi. Kufika kwangu ni saa nzima tu." Akauza dumu la mwisho bila haraka, akaondoka.

Baada ya muda mfupi, mawingu yakapasuka. Zuwena aliona jua likiwa jekundu, linagusa milima ya Kongo. Akatazama saa: kumi na moja na dakika kumi. Alikimbia mpaka njia kuu, akaita. Barabara ilikuwa tupu.

Asubuhi Riziki, mke wa Modeste, alikuja na mtoto mgongoni. "Baba Zuwena, bwana wangu hakulala nyumbani. Baiskeli yake iko pale bariyeri, imeegemezwa ukutani. Yeye hayuko."

Asmani akaitazama saa, akatoka nje. Jua lilikuwa limetoka kweli siku hiyo. Alisimika kijiti uani, akawa anatia alama kila kivuli kilipofika. Kivuli kilipokuwa kifupi kuliko vyote, yaani saa sita kamili za mchana, alitazama saa yake. Ilisema saa tano na dakika ishirini na tatu.

Alimwita Mzee Abasi. "Mzee wangu, jioni zote hizi uliadhini kwa kutazama nini?"

"Kwa mawingu yale? Nilichungulia dirishani kwako, nikatazama saa yako."

"Nami nilikuwa napima saa yangu kwa adhana yako!"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

Asmani akafungua saa. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye magurudumu, mazito na mekundu. Akanusa. "Mawese."

"Labda panya..." Zuwena alianza, akaona macho ya Riziki. Machozi yakamtoka. "Ni mimi, baba. Tangu Alhamisi. Nilisikia inakwenda vibaya, nikaogopa."

Fundi hakumpiga. Aliosha kila gurudumu kwa petroli, akakausha kwa kitambaa, akatia tone moja la mafuta ya cherehani, akairekebisha kwa kivuli cha kijiti siku ya pili yake na ya tatu. Haikupoteza hata dakika. Ndipo alipomketisha Zuwena mbele yake.

"Saa iliyosimama haimpotezi mtu, kila mmoja anaona imesimama. Ungeniambia siku ile, ningeitengeneza kabla ya chakula. Kosa lako la kwanza lilikuwa matone mawili ya mafuta. La pili lilikuwa siku tano za kunyamaza, na hilo ndilo zito. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo." Akafunga mgongo wa saa. "Lakini usibebe yote, mwanangu. Sisi wazee wawili tulitazamana badala ya kutafuta ukweli. Na waliotuwekea sheria ya saa hawakutupa saa. Kuchelewa si kosa la kumfanya mtu apotezwe. Hilo watalijibu wao."

Alhamisi Asmani alikwenda na Riziki bariyeri. Askari wakasema, ulizeni komini. Wa ofisi ya komini wakasema, ulizeni bariyeri. Baiskeli ilikuwa imeshaondolewa.

Jioni Riziki alisimama dirishani, pale pale aliposimama mumewe. Saa ilikuwa sahihi. Hakuiuliza.

"Zuwena," alisema, "Modeste yuko wapi?"