Lala Wewe, Nitatembea Mimi

Tulitoka kutafuta maji ya kunywa, basi. Jua lilikuwa linazama, na ilikuwa siku yetu ya kwanza katika mji mkuu wa watu.

Safari ile tulipewa zawadi na watoto wetu. Nilikuwa nimemuuguza mama mkwe miaka mingi, tukamzika, na haikupita muda mume wangu akastaafu kazi ya kuendesha lori. Watoto wakasema nendeni mkapumzike. Hawakutuambia kwamba kupumzika ugenini ni kutembea kutwa. Tangu asubuhi tulikuwa tunapanda ngazi na kushuka ngazi, tukitazama masanamu ya wanaume waliopanda farasi, tukikatiza barabara pana ambazo watu wake walikwenda mbio kama wameacha chungu motoni. Mji mzuri, siukatai. Lakini miguu yangu ilikuwa imevimba mpaka viatu vinanikaba, na mzee wangu alikuwa haongei tena. Anaguna tu.

Kwenye kiwanja kimoja kidogo akajibwaga juu ya benchi. Akaniambia niende dukani peke yangu, yeye miguu imegoma. Duka lilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Nikaenda.

Nikiwa ndani nilimtazama kupitia kioo. Alikuwa na mtu. Mzee wa makamo yake, amevaa koti refu lililojaa vumbi, ameinama mdomo karibu na sikio la mume wangu, kama anayemnong'oneza siri. Nikashangaa, maana sisi lugha ya pale hatuijui hata salamu.

Nilipotoka na chupa zangu, mtu hayupo.

Na mume wangu alikuwa amesimama, mgongo umenyooka kama wa kijana.

"Twende huku," akasema.

Lazima mjue kitu kimoja. Mume wangu barabara kuu zote za kwetu anazijua, lakini ukimshusha kwenye lori akatembea kwa miguu, hupotea hata akienda kunyoa nywele. Wajukuu humcheka kwa hilo. Jioni ile hakuuliza mtu. Alikata kushoto, akaingia uchochoro, akakata tena. Akaruka jiwe lililong'oka kabla sijaliona. Akainamisha kichwa, na hapo ndipo nikaona tao la chini la ukuta, ambalo lingempasua paji la uso.

Nikamwambia hoteli yetu iko nyuma. Nikamwambia nimechoka, anionee huruma. Akaongeza mwendo.

Taa za barabarani zikaisha. Kukawa na harufu ya unyevu, halafu harufu nyingine ikaja juu yake, nzito, tamu... karafuu maiti. Nilimwosha mama mkwe kwa mikono yangu. Harufu ile siwezi kuikosea.

Ilikuwa inatoka kwenye shati la mume wangu.

Akasimama mbele ya mlango wa mbao uliochujuka rangi. Hakugonga. Alikwaruza kwa kucha, taratibu, kama paka wa nyumba ile.

Kra... kra... kra...

Mlango ukafunguka. Mwanamke mzee, taa mkononi, kitambaa cheusi kichwani. Akamtazama mume wangu juu hadi chini. Hakushtuka. Nilichokiona usoni mwake kilikuwa uchovu tu, uchovu kama wangu.

Mume wangu akamsemesha.

Kwa lugha yao. Maneno yakimtiririka kama aliyezaliwa nayo.

Nilimshika mkono nikamvuta, na mkono ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Yule mama hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, akasema sentensi moja, polepole, akairudia kama anayenifundisha. Kisha akafunga mlango. Nikasikia komeo likiingia, na nyuma ya ubao nikasikia mtu analia.

Mume wangu aliweka kiganja chake juu ya mlango, akakaa hivyo kitambo. Halafu akaketi kizingitini.

"Tuko wapi?" akaniuliza, kwa Kiswahili chetu.

Sijui nilimkokotaje mpaka barabara kuu. Dereva wa teksi aliona kadi ya hoteli, akatupeleka. Njia nzima niliirudia ile sentensi mdomoni nisije nikaisahau, maana dada wa mapokezi alikuwa ameishi kwetu zamani na Kiswahili anakijua. Nilipofika nikamtamkia.

Tabasamu likamfutika usoni. Akauliza nani kanifundisha maneno hayo.

"Yanasemaje?" nikamuuliza.

"Yanasema... mrudishe ulikomtoa, mimi nilishamzika."

Aliniambia tu nifunge mlango wa chumba, na mtu akigonga nisifungue, hata nikimjua.

Mume wangu alikuwa amejilaza na nguo zake. Nikamuuliza yule mtu wa kwenye benchi alimwambia nini. Akacheka kidogo. Akasema aliulizwa kama amechoka, naye akakiri amechoka sana. Mtu yule akamwambia, "Basi lala wewe, nitatembea mimi." Akaona ni jambo la hisani. Akakubali.

Bado ilikuwa mapema. Chini watu walikuwa wanakula, vijiko vinagonga sahani. Nilikuwa navua viatu niliposikia hatua kwenye korido. Nzito, za kuburuta. Zikasimama mlangoni kwetu.

"Mke wangu," sauti ikasema. "Nifungulie. Miguu imekwisha."

Ilikuwa sauti ya mume wangu. Na kikohozi chake cha vumbi la barabarani.

Nikageuka kitandani. Alikuwa amekaa wima, ananitazama.

"Usifungue," akanong'ona.

Nilikaa sakafuni, katikati ya mlango na kitanda, mikono kichwani. Yule wa nje aliomba, akanyamaza, akaomba tena, mpaka sauti ikamkauka. Mwisho nikasikia hatua zikiondoka, zikishuka ngazi moja moja, zikipumzika kila mahali.

Tulirudi nyumbani. Mume wangu ni mzima. Anakula, anacheza na wajukuu, hajawahi kunikemea tangu siku ile. Kila mtu anasema safari imemfaa.

Ila mimi mlango wa mbele siku hizi sitii komeo. Watoto wananigombeza kwamba wezi watatumaliza. Nawaambia komeo ni gumu, na mikono yangu imezeeka.

Kutoka kule hadi kwetu ni mbali mno, na yule niliyemfungia nje anakuja kwa miguu.