Shamba la Masista na Kisima Chetu

"Hivi hawa masista, ardhi yote hiyo wanamwekea nani?" Jirani yangu, fundi cherehani, aliniuliza hivyo siku moja tukichota maji.

Nilitua ndoo, nikatazama juu. Shamba la masista liko juu mlimani. Chini yake ni shamba langu, na chini ya langu ni kisima cha mtaa mzima. Masista wamebaki tisa, wanne wanatembea kwa fimbo. Hawakujenga nyumba za kupangisha. Wanasali, wanalima, wanasali tena. Mwisho wa shamba lao wameacha ukanda mpana wa majani, hawaugusi kwa jembe.

"Wamechoka tu," alisema fundi. "Jembe halijui utawa."

Mwaka huo mahindi yangu yalinifika magotini yakakoma. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni dalali wa viwanja. Hakukawia.

"Shemeji, udongo umezeeka huu. Uza. Barabara ya viwanja ikishapita kwako, na wale mabibi wa juu watauza. Nyumba zitajaa hapa mpaka kileleni."

Nilimwambia nitafikiri. Na kweli nilifikiria kuuza. Binti yangu ana watoto watatu, sote tunalishwa na shamba hilo.

Jumapili, baada ya misa, nilimweleza shida yangu sista anayesimamia shamba lao. Tunamwita Sista Mabuti, maana huyavua wakati wa kulala tu. Alikuja siku ileile na bonge la udongo wa kwao mkononi. Akachukua na bonge la kwangu. Akaomba bilauri mbili za maji, akatumbukiza kila bonge kwenye bilauri yake.

La kwao lilikaa vilevile, bila kumeguka. La kwangu lilimeguka, maji yakawa tope.

"Mama, letu limekuwa uji," alisema binti yangu.

"Na mvua ikinyesha, uji huo unaingia kisimani," alisema sista. "Mabua mnayafanyaje?"

"Tunachoma. Marehemu alikuwa anachoma."

"Na matuta?"

"Yanashuka na mteremko. Marehemu alilima hivyo."

Sista aliweka bilauri chini. "Marehemu alifanya alichokijua, mama. Kugeuza tuta si kumsahau."

Maneno hayo yalinigusa pabaya. Miaka sita nilikuwa nalima kama vile ananitazama. Nilifuta macho, nikauliza nifanye nini.

"Mabua usichome. Yalaze juu ya udongo, yaoze hapohapo. Matuta yapige kukingama na mteremko, ili maji yasimame kidogo yaingie ardhini. Karibu na kisima usilime. Acha majani yachuje tope, kama sisi."

"Na ninyi hamtauza?"

"Tulishaandika kwa mwanasheria, na ofisi ya ardhi imesajili. Lile litabaki shamba hata sisi tukiisha. Hakuna atakayelijenga, hata sisi wenyewe hatuwezi. Tunaosali huku juu ni tisa. Wanaokunywa huko chini ni wangapi?"

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la fundi.

Tuligeuza matuta, mimi na binti yangu. Fundi alisimama njiani akatucheka. "Jirani, umeingia utawani?"

"Nimechelewa," nikamwambia. "Wajukuu hawa nitawaficha wapi?"

Msimu wa kwanza haukuwa na maajabu. Wa pili mahindi yalinipita kichwa, na mvua kubwa iliponyesha maji ya kisima yalibaki meupe. Fundi akaja mwenyewe, bila kucheka, kuuliza tuta linapimwaje.

Nami nikaenda kwa mwanasheria wa masista, nikaandikisha shamba langu kama wao.

Shemeji akarudi na karatasi zake za mauzo. Nilimkaribisha, nikampa kikombe cha maji.

"Weka sahihi hapa tu, shemeji. Usijisumbue kusoma."

Nilisoma mstari kwa mstari. Darasa la saba sikwenda kucheza. Kisha nikamwekea mezani hati yangu, yenye muhuri. Aliisoma mara mbili.

"Masista wamekuroga. Kaka angekuwa hai asingekubali ujinga huu."

"Kaka yako alikichimba kisima kile kwa mikono yake," nikamwambia. "Kwako mnachota wapi, shemeji, si hapohapo?"

Alitazama kikombe mkononi mwake. Akanywa maji yote, akakunja karatasi zake, akatoka.