Vidole Viwili vya Maji

Kila asubuhi, kabla ya kuchukua ufagio wake na kukimbilia namba, ile hesabu ya wanaowahi shuleni, Ruthu alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtoto mwingine wa Chang'ombe, Dodoma, aliyekuwa nayo. Aliingia chumbani kwa baba yake, akachomoa tangi dogo la plastiki kwenye mashine iliyokaa juu ya kigoda kando ya kitanda, akaliinua mpaka usawa wa macho, kisha akapima kwa vidole.

"Vidole viwili!" alitangaza. "Jana jioni niliweka maji mpaka kwenye mstari. Leo yamepungua vidole viwili. Baba, yamekwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi?" Baba alijibu huku akijinyoosha. "Mimi nilikuwa nimelala."

"Basi umeyanywa kwa pua."

Mama yake, Anjelina, aliyekuwa akikoroga uji uani, aliangua kicheko. "Ruthu, mwaga hayo maji, suuza tangi, uje unywe uji. Maswali utamaliza jioni."

Hayakuisha jioni, wala hayakuwahi kuisha. Ruthu alikuwa darasa la sita, na mwalimu akisema maji huchemka, yeye alitaka kujua maji yenyewe yanajuaje kwamba wakati umefika.

Baba yake, Gideoni, alikuwa dereva wa basi la Mzee Abbasi, lililokwenda Kibakwe na kurudi. Miaka ile mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuwa mengi, na Mzee Abbasi alilinunua lake likiwa limekwisha kutumika Japani. Mlangoni lilikuwa bado na maandishi ya huko ambayo hakuna mtu Dodoma nzima aliyeweza kuyasoma. Gideoni alilipenda basi lile. Tatizo lilikuwa usingizi.

Usiku, koo lake lilijiziba, pumzi ikasimama, kisha akashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Jambo hilo lilijirudia mara nyingi kila usiku bila mwenyewe kujua. Alivyokoroma, majirani walidhani anafaidi, kumbe maskini hakuwa akipumzika hata kidogo. Mchana alisinzia popote. Siku moja basi likiwa limesimama njiani, Gulwe, abiria wakinunua karanga, alilala juu ya usukani. Paji la uso likaikalia honi, honi ikalia mpaka watu wakaja mbio kumwamsha.

Hakuna aliyeumia, lakini Mzee Abbasi aliposikia alimwita na kumwomba ufunguo.

"Gideoni, wewe ni ndugu yangu," alimwambia. "Lakini siwezi kuwapakia watu nyuma ya dereva anayesinzia. Nenda hospitali. Nitakungoja mwezi mmoja."

Hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji, ilimwazima mashine. Ilivuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwa mpira mrefu mpaka kwenye kifuniko cha pua, na hewa hiyo ililizuia koo lisijifunge. Alitakiwa kulala nayo kila siku kwa wiki nne. Ijumaa ya wiki ya nne daktari angempima, na akiridhika angempa barua ya kumrudisha kazini.

Lakini ulikuwa mwezi wa Juni, na watu wa Dodoma wanaujua Juni wao. Midomo inapasuka, upepo unabeba vumbi, na shati linakauka kabla hujamaliza kuanika soksi. Hewa ile kavu ikisukumwa puani usiku kucha, Gideoni aliamka na pua inayochoma, na asubuhi ya tano akaona damu kwenye leso. Ndipo Sista Evarista, muuguzi aliyemhudumia, alipompa kipande cha pili cha mashine: sahani ndogo inayopata joto kwa umeme, na juu yake tangi la maji.

"Hewa itapita juu ya maji ya uvuguvugu na kubeba unyevu," alieleza. "Pua haitakauka tena. Ila sikilizeni vizuri. Tumieni maji ya chupa hii peke yake. Ni maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena. Msitie ya bomba, hata yakichemshwa. Yanayobaki asubuhi mwageni, tangi lioshwe na kukaushwa. Kila Jumamosi mtakuja kuchukua chupa nyingine."

"Kwa nini si ya bomba, Sista?" Ruthu aliuliza.

Kabla Sista hajajibu, mgonjwa mwingine aliitwa, na swali likabaki pale pale.

Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda vizuri sana. Baba aliamka akipiga mluzi. Alitengeneza mlango wa jiko uliokuwa umelegea tangu Krismasi. Ruthu alipima vidole viwili kila asubuhi na kujiona daktari kamili.

Kisha ikaja Jumatatu moja. Ruthu alitaka kujua kama maji ya Sista yana ladha. Aliifungua chupa, akatia tone moja ulimini, akaona hayana ladha ya kitu chochote. Akaiweka chupa ukingoni mwa meza bila kifuniko, akaenda kuchota maji ya bomba ili alinganishe. Aliporudi, kuku alikuwa juu ya meza, chupa ilikuwa chini, na sakafu ya udongo ilikuwa imeshayanywa maji yote.

Jumamosi ilikuwa mbali, na hospitali ilikuwa mbali zaidi. Angeweza kumwambia Mama, akakaripiwa, yakaisha. Badala yake alitazama birika la maji ya kunywa. Yalikuwa yamechemshwa, na shuleni waliimbishwa kila wiki kwamba maji yaliyochemshwa ni salama. Akayamimina kwenye chupa mpaka juu, akaifunga, akairudisha rafuni.

"Umemwekea Baba maji?" Mama aliuliza jioni.

"Nimeweka," alijibu, na ilikuwa kweli kwamba ameweka.

Asubuhi Baba aliamka salama. Basi, Ruthu alijiambia, Sista alikuwa na woga wa bure. Jumamosi ilipofika kulikuwa na mazoezi ya mpira wa pete, na Ruthu alikuwa mfungaji. Aliendesha baiskeli mpaka uwanjani badala ya hospitali, akarudi na chupa ile ile, aliyoijaza maji ya birika kabla ya kuondoka. Jumamosi iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Kati ya Jumamosi hizo mbili hata kuyamwaga asubuhi aliona kazi, akawa anaongezea tu.

Ila vidole havikuwa na siri. Maji yalianza kupungua kidole kimoja na nusu, halafu kimoja. Chini ya tangi, kwenye bati linalokalia sahani ya moto, palikuwa na gamba jeupe kama lile la ndani ya birika la Mama, na pembeni palikuwa na utelezi. Ruthu aliona, akafunika haraka.

"Hewa inanuka chungu cha zamani," Baba alilalamika siku moja. Siku ya pili pua ilimchoma. Siku ya tatu damu ilirudi, naye akazima mashine. Usiku wa Jumapili na wa Jumatatu alilala bila kuivaa.

Jumanne mchana Ruthu alirudi kula, akamkuta Baba amesinzia na tonge mkononi.

"Baba Ruthu!" Mama alimshtua.

Gideoni alifungua macho mekundu, akatazama tonge lake kwa aibu. "Nimeamua," alisema polepole. "Ijumaa nitairudisha mashine yao. Imenishinda. Halafu nitamwambia Mzee Abbasi atafute dereva mwingine, nisimpotezee wakati. Tutarudi kwetu Kibakwe, tukalime."

Mama alianza kukusanya vyombo ingawa hakuna aliyekuwa amemaliza kula.

Ruthu aliujua ukweli. Mashine haikumshinda baba yake. Yeye ndiye aliyeiharibu, na sasa baba yake alikuwa anajilaumu.

Jumatano baada ya shule alilifunga tangi ndani ya kanga ya Mama, akachukua na ile chupa, akapanda baiskeli. Upepo ulimpiga usoni njia nzima.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba, Ruthu. Mbona Jumamosi mbili hatukukuona? Nilidhani baba anakuja kuchukua chupa mwenyewe, nikaambiwa hajaonekana."

Ruthu alifungua kanga, akaweka tangi mezani, akasema yote: kuku, birika, mpira wa pete, na chupa iliyosema uongo kwa niaba yake. Alisema bila kuinua macho.

Sista Evarista alilitazama tangi kwa muda mrefu. Kisha, badala ya kufoka, alichukua kipande cha kioo. Akadondosha tone la maji ya Ruthu upande mmoja na tone la maji ya hospitali upande wa pili, akakiweka dirishani penye jua.

"Ulikuwa umeniuliza kwa nini si ya bomba," alisema. "Sikukujibu. Keti usubiri jibu lako."

Jua la Dodoma halikuwachelewesha. Tone moja lilikauka na kuacha duara jeupe. Jingine lilikauka na pale palikuwa patupu, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

"Maji yetu hapa yana chumvichumvi nyingi," Sista alisema. "Ukichemsha, unaua vijidudu, lakini chumvi haiendi popote. Maji yakigeuka mvuke yanaondoka, mzigo unabaki. Gamba hili ni mzigo wa wiki mbili. Limezuia joto lisifike kwenye maji, ndiyo maana yalipungua kidogo na pua ya baba ikakauka."

"Kwa hiyo Baba hakuivuta hiyo chumvi?"

"Chumvi ilibaki humu. Mimi naogopa zaidi huu utelezi. Maji ya uvuguvugu yasiyomwagwa yanaotesha uchafu, na uchafu ukivutwa unaweza kuingia kifuani."

Ruthu aliyaona machozi yake yakianguka juu ya kanga. Baada ya kitambo aliuliza kwa sauti ndogo, "Na yale mengine, vidole viwili, yalikwenda wapi?"

Sista alishindwa kujizuia, akatabasamu. "Wewe hata ukilia unauliza! Yalilainisha pua na koo la baba yako, kisha akayatoa kwa pumzi."

Walimimina siki iliyochanganywa na maji ndani ya tangi. Gamba lilianza kutoa mapovu madogo bila moto wowote, na Ruthu aliinama mpaka pua ikakaribia kuingia. Walilisuuza mara nyingi, na Sista akamwagiza auoshe mpira wa hewa kwa sabuni akifika nyumbani. Sista alimpa chupa mpya.

"Mimi nimekusamehe maji yaliyomwagika," alisema. "Lakini aliyekosa usingizi si mimi. Nenda kamwambie mwenyewe."

Safari ya kurudi ilikuwa fupi kuliko alivyotaka. Baba alikuwa uani akifunga mashine kwenye boksi. Ruthu alisimama mbele yake na kusema kila kitu kwa mara ya pili, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi.

Gideoni aliiachia kamba ya boksi. "Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Niliogopa, Baba."

Baba alimvuta, akamkalisha kando yake karibu na boksi.

"Nami niliogopa," alisema. "Kabla ya Gulwe nilisinzia kwenye usukani mwaka mzima. Mzee Abbasi akiniuliza, nilimjibu niko sawa. Nilificha kwa sababu ya kazi, na nyuma yangu kulikuwa na akina mama na watoto. Mungu tu alitunusuru. Kosa lako la kwanza lilikuwa dogo, mwanangu, lilikuwa chupa. Ulipolificha ndipo likakua mpaka likafika kwenye pumzi yangu. Siku nyingine ukimwaga, sema umemwaga."

"Nitasema, Baba."

"Haya, fungua hili boksi. Unikalishie tangi langu."

Ijumaa daktari hakutoa barua. Alisema Gideoni alale vizuri wiki nne nyingine kwanza. Siku hiyo hiyo baba na binti walikwenda mpaka stendi, na Gideoni akamwambia Mzee Abbasi ukweli wote: mashine, maji, na ule mwaka mzima wa kusinzia.

Mzee Abbasi alikuna kidevu. "Juzi alikuja kijana mmoja kuomba basi hili. Nilimuuliza kama huwa anachoka, akasema hajawahi kuchoka maishani mwake." Alitikisa kichwa. "Mimi nitamngoja huyu anayeniambia kwamba bado hajawa tayari."

Wiki nne zilipita. Ruthu alikwenda hospitali kila Jumamosi, mazoezi au bila mazoezi, na kila asubuhi alipima vidole viwili. Barua ikatoka, ufunguo ukarudi.

Siku ya safari ya kwanza, Ruthu na Mama walimsindikiza stendi kabla jua halijachomoza. Baridi ilikuwa kali. Jioni basi liliporudi limejaa vumbi, Ruthu alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

"Abiria walilala njia nzima," Baba alisema akishuka. "Mimi sikulala hata kidogo."

Kisha akasogea kwenye kioo cha pembeni cha basi, akahema juu yake, haaa, mpaka kikaingia ukungu. Akaweka vidole vyake viwili hapo, akaacha alama.

"Uliniuliza maji yamekwenda wapi," alisema. "Haya hapa."