Mteja wa Marehemu Baba

Kaka yangu alituletea mashine badala ya kuja mwenyewe. Iliteremshwa mlangoni mchana, ndani ya sanduku la mbao, na nusu saa haijapita akapiga simu kuuliza mbona hatujashukuru. Ulikuwa mwezi wa tano tangu kiharusi kimpige mama. Mguu wa kushoto ulikuwa wa kuburuta tu, na kaka alikuwa hajakanyaga nyumbani hata mara moja. Lakini mashine ilifika. Ndiye mtoto wa kiume huyo.

Jioni ile ile nikaifunga. Ilikuwa mashine ya mkono ya kushonea ngozi, chuma cheusi, shingo nyembamba ya kuingia mpaka ncha ya kiatu, na gurudumu lenye mpini ubavuni. Nikaikaza kwa bolti kwenye meza ya marehemu baba, nikafuta grisi kwa mafuta ya taa, nikatia oili kila tundu. Uzi wa nta nikaupitisha juu, kati ya visahani vya kuubana, nikaushusha hadi kwenye sindano. Nikazungusha mpini polepole. Mguu mdogo wenye meno ukainuka, ukakanyaga, ukasukuma.

Tk... tk... tk.

Ila mashine mpya haijaribiwi kwenye kiatu cha mteja. Unatafuta kipande cha ngozi nene, unashona, unageuza, unaangalia kama uzi wa chini umelegea. Sikuwa na kipande. Nikainua macho ukutani.

Kila fundi viatu ana viatu visivyo na mwenyewe. Watu huleta, huondoka, husahau. Baba alikuwa akivipa mwaka mmoja, kisha anavikata viraka. Lakini buti fupi nyeusi za kike, zilizoning'inia kwenye msumari wa juu kabisa, hakuzikata. Zilikuwa pale nikiwa msichana, na siku tunamzika zilikuwa pale pale. Ya kushoto ilikuwa imefumuka kisigino. Baba alikuwa ameshona nusu akaacha. Hilo halikunishangaza. Baba alikuwa bingwa wa "njoo kesho". Mtaani kuna watu waliooa na kuachana wakisubiri soli yao. Mimi, tangu nirithi meza ile, sijawahi kumwambia mteja aje kesho. Nikisema leo ni leo, na kwa hilo nilikuwa najiona.

Nikazishusha. Nikakata kuta mbili za kifundo, ngozi za ubavuni, za ile ya kushoto. Nilitarajia ngozi kavu yenye ukungu. Ilikuwa laini, inateleza vidoleni. Ilikuwa imepakwa mafuta, na si zamani.

Baba alikuwa na mwaka wa nne kaburini.

Ningeacha hapo. Lakini mashine ilikuwa imeshikana na ile ngozi kama waliojuana siku nyingi, mshono umenyooka, uzi wa chini umekaa sawa. Na nilikuwa na haja. Nesi alisema mama akipata kiatu chenye kuta ngumu kifundoni, huenda mguu ukashika. Nikasema, ngozi ya kuoza ukutani afadhali imsimamishe mama yangu.

Usiku ule nikazishonea kuta zile kwenye kiatu cha kushoto cha mama, na kesho yake asubuhi nikamvalisha. Akashika mlango, akashika ukuta, akaachia. Alitembea hatua nne. Nililia nikiwa nimepiga magoti, bado nimeshika kamba za kiatu.

"Hakinibani, mwanangu," mama alisema. "Kinanijua."

Kaka akapiga simu. "Kwa hiyo mashine yangu imemsimamisha mama."

Nikakata simu kabla sijamtukana.

Siku ya nne nikaanza kusikia hatua. Mama maisha yake yote alitembea taratibu, na tangu augue ilikuwa kukanyaga, kuburuta, kukanyaga, kuburuta. Sasa nilisikia hatua fupi za haraka, kisigino kikigonga sakafu, na mguu wa kushoto ndio ulitangulia. Mguu mgonjwa ulitangulia na mzima ukafuata. Na jua likianza kuzama alikuwa anatoka. "Najinyoosha," alisema. Alirudi na kiatu cha kushoto kimejaa tope.

Mvua ilikuwa na miezi miwili haijanyesha.

Jioni ya sita nikamfuata. Alipita ghala la mbao, akapita tangi la maji, akaingia kwenye kiwanja kitupu nyuma yake, penye magugu na ngazi moja ya saruji iliyobaki ya nyumba iliyobomolewa. Alipanda ile ngazi. Akasimama. Mbele yake hapakuwa na kitu, ni hewa na magugu. Akainua mkono, akakunja vidole, akabisha.

Nikasikia mbao.

Ko... ko... ko.

Akasubiri, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza ndani. Kisha akageuka, akanipita bila kuniona. Alinuka udongo uliolowa.

Sikulala. Kesho yake nilifanya kazi nikisema jioni namvua kile kiatu, heri aburute. Lakini kila nilipomwangalia anavyojimiminia maji mwenyewe, anavyojifulia mwenyewe, nilikosa nguvu. Miezi mitano nilimbeba chooni. Nani anataka kurudi huko? Nasema ukweli, sikumwonea huruma mama peke yake. Nilijionea na mimi.

Jua likaanza kushuka. Nikageuka kuchukua koleo, na niliporudisha uso palikuwa na mtu kwenye benchi la wateja.

Mwanamke. Sikumsikia akiingia. Miguu yake ilikuwa peku, imelowa, na vidole vimejikunja kama vya mtu aliyekaa kwenye baridi.

"Nimefuata viatu," alisema kwa sauti ndogo. Akaweka mezani kipande cha boksi. Kilikuwa na namba, kwa mwandiko wa baba.

"Baba alifariki," nikasema. "Viatu vya zamani sijui..."

"Kimoja kile pale." Hakukionyesha kwa kidole, alikitazama tu. "Kingine kinatembea."

Nikaliweka koleo chini.

"Kinakwenda kwangu," akasema. "Jana kilibisha. Leo watamfungulia."

"Nani? Nani watamfungulia?"

"Akiingia, mimi siwezi kumtoa. Niko nje." Akavuta miguu yake chini ya benchi. "Nirudishie vyangu."

Nikamwita mama. Kiti chake kilikuwa kitupu, na maji aliyokuwa anakunywa bado yanacheza kwenye kikombe.

Nilikimbia. Watu wa ghala la mbao waliniita, sikujibu. Nilipofika mama alikuwa juu ya ile ngazi, amekwisha kubisha, na juu ya saruji, mbele ya miguu yake, palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga wa njano. Ni ule mwanga unaopita chini ya mlango usiku taa ikiwa imewashwa ndani. Ulikuwa unapanuka.

Nikamkumbatia kiuno nikamvuta. Mama yangu, mwenye kilo arobaini na kitu, akanipiga teke kwa mguu wa kushoto nikaona nyota. Nikamng'ang'ania. Kisu cha kazi kilikuwa mfukoni mwa aproni. Nikakata kamba, nikakivuta kile kiatu mpaka kikatoka.

Mwanga ukazimika. Mama akaniangukia kama gunia.

Nikambeba mgongoni. Njia nzima nilihisi machozi yake shingoni, na nikadhani ni ya kushukuru.

Yule mwanamke alikuwa bado ameketi. Nilimlaza mama chumbani, nikafumua kiatu chake, nikatoa vile vipande viwili, nikavirudisha kwenye buti ya kushoto. Mkono mmoja kwenye mpini, mmoja kwenye ngozi. Gurudumu lilikuwa jepesi mno, sikuwa nalizungusha, nilikuwa nalifuata. Na nilipomaliza vile vipande nikauona ule mshono wa kisigino, nusu iliyoachwa na baba. Nilitaka aondoke. Nilitaka asiwe na sababu ya kurudi tena kwenye benchi langu.

Nikaumalizia.

Akavaa. Akasimama. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, na uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa mteja aliyehudumiwa vizuri.

"Baba yako alikuwa ananiambia njoo kesho," alisema. "Kila siku nilikuja."

Akatoka. Hatua fupi za haraka, kushoto kumetangulia. Nikafunga mlango kwa komeo na kwa meza.

Mama alikuwa macho. Nikaketi kando yake, nikamshika mkono. Akautoa.

"Umemmalizia," alisema.

"Mama, unamjua?"

"Miaka ishirini na sita baba yako anampakia mafuta vile viatu na kumwambia kesho. Alipoanza kuumwa, mimi ndiye niliyepanda kiti nikavipaka. Na alipokufa niliendelea, mpaka mguu uliponikataa." Alipumua. "Mtu wa vile hapewi kazi iliyokamilika. Akiwa na viatu atafika kwake, na akifika atakuwa na mlango wa kufungua."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekwambia nini? Kwamba baba yako anamwogopa mteja?"

"Lakini wewe ulivaa, mama. Ulijua, na ukavaa."

"Kile kiatu kilikuwa kinanipeleka," akasema.

"Kinakupeleka wapi?"

"Sijui. Wewe unanipeleka wapi? Kitandani, chooni, kitandani."

Hakunisemesha tena baada ya hapo. Nilimshonea viatu vingine, jozi tatu, ngozi bora kuliko zote nilizowahi kushika. Hakuingiza hata kidole. Aliongea na kaka tu, kwenye simu, ameugeuzia ukuta uso wake, na nilimsikia akisema nimemvua kiatu kwa nguvu barabarani.

Basi kaka akapata nafasi. Nafasi iliyokosekana miezi mitano ikapatikana kwa siku moja. Aliingia, akakagua mashine yake kwanza, ndipo akaenda kwa mama. Kisha akanihutubia.

"Mgonjwa hafungiwi ndani. Anahitaji hewa."

"Usimtoe jioni," nikamwambia. "Nakuomba kwa jina la baba. Chochote akikwambia, usimtoe jioni."

"Wewe umechoka, dada yangu. Nenda kapumzike, leo nipo."

Nilikuwa nimechoka kweli. Nililala mchana ule kama maiti. Niliposhtuka dirisha lilikuwa jekundu kwa machweo, na nyumba ilikuwa kimya. Kaka alikuwa mlangoni, shati limelowa jasho mgongoni, anatabasamu.

"Mama yuko wapi?"

"Tulia. Nimempeleka kwa rafiki yake."

"Rafiki gani?"

"Hapo nyuma ya ghala la mbao. Mbona hukuwahi kusema ana rafiki jirani hivi? Mama mmoja mpole, mkimya. Alitufungulia kabla hata sijabisha." Akajifuta paji la uso. "Nilitaka nimbebe mpaka ndani, mama akakataa. Akashuka mgongoni mwangu, akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Hakuburuta hata kidogo. Ungemwona."

Alikuwa analia kwa furaha, mjinga yule. Nilimpita nikakimbia, naye akanifuata akiniuliza nini, nini... mpaka tukafika kwenye magugu, na akaiona ile ngazi ya saruji peke yake.

Polisi walikuja. Watu wa ghala walimwona kaka akipita na mama mgongoni, wakamwona akirudi bila mama. Polisi walimweka ndani wiki tatu, wakamwachia kwa kukosa la kumshtaki. Wapo wanaosema tulimtupa. Wanasema mbele ya benchi langu, huku wakinipa viatu nishone.

Sasa ni mwezi wa saba tangu mama apotee, na kaka ambaye hakuwa na nafasi anaishi hapa. Jioni huenda kule akabisha hewa mpaka giza liingie. Mimi hubisha asubuhi, wakati hakuna anayeniona. Hatujawahi kusikia mbao.

Juzi aliniuliza kama kuna ngozi ya zile buti iliyobaki. Nikamwambia yote ilirudi kwa mwenyewe. Hakuniamini. Leo nimeamka nikakuta droo zangu zote ziko wazi, na mashine imetiwa uzi.